Sura ya 4: Mwendo wa Dunia na Historia ya Mvua Zetu

Kusini mashariki mwa Unguja, karibu na Jambiani, kuna pango la mawe ya matumbawe liitwalo Kuumbi. Wataalamu wa mambo ya kale walipochimba sakafu yake walikuta, chini ya mabaki ya karne za karibuni, mifupa ya wanyama walioliwa na wawindaji wa Zama za Mawe takriban miaka 20,000 iliyopita. Miongoni mwake imo mifupa ya punda milia na ya nyati. Leo Unguja haina punda milia wala nyati wa porini, na hakuna anayedhani kwamba wawindaji wale waliwavusha wanyama hao kwa mitumbwi. Walifika kwa miguu. Unguja wakati huo haikuwa kisiwa. Ilikuwa mwisho wa bara, na mahali zinapopita leo boti za kwenda Dar es Salaam palikuwa nchi kavu.

Mkondo unaoitenga Unguja na bara ni wa kina kifupi, na bahari miaka 20,000 iliyopita ilikuwa imeshuka kwa zaidi ya mita 120 chini ya usawa wa leo. Pemba, ambayo mkondo wake una kina cha mamia ya mita, ilibaki kisiwa. Maji yaliyopungua baharini yalikuwa yamelala juu ya nchi kavu huko kaskazini, yakiwa barafu. Karibu Kanada nzima ilifunikwa, na kaskazini mwa Ulaya vilevile. Mahali pengine unene wa barafu hiyo ulifika kilomita 3.

Ni nini kilichoikusanya barafu yote hiyo, na ni nini kilichoiyeyusha? Chanzo kimo katika namna Dunia inavyolizunguka Jua, na namna inavyoinama inapolizunguka. Vitabu vingi vinavyoeleza jambo hili huishia kwenye barafu ya kaskazini, kana kwamba huko ndiko kulikokuwa na historia peke yake. Sisi wa ukanda wa ikweta tuna sehemu yetu katika habari hii. Mwendo uleule ulioleta na kuondoa barafu ya Ulaya ndio uliojaza na kukausha maziwa yetu na kupanga nguvu za kusi na kaskazi. Nataka msomaji aione sehemu hiyo waziwazi, kwa sababu bila kuijua hatuwezi kupima vizuri kinachotokea leo.

Mabadiliko matatu

Tuanze na dhana moja iliyoenea. Ukimuuliza mtu wa Dar es Salaam kwa nini Januari ina joto kuliko Julai, huenda akasema ni kwa sababu Januari Dunia iko karibu zaidi na Jua. Kweli iko karibu: mnamo tarehe 3 Januari umbali ni takriban kilomita milioni 147, na mwanzoni mwa Julai ni kilomita milioni 152. Lakini Januari hiyohiyo mtu wa Moscow anatetemeka kwa baridi, naye yuko kwenye sayari ileile. Majira huletwa na mwinamo. Mhimili wa Dunia, yaani mstari wa kuwaziwa kutoka ncha ya kaskazini hadi ncha ya kusini, umeinama kwa nyuzi 23.4. Desemba Kizio cha Kusini ndicho kinacholielekea Jua. Juni ni zamu ya Kizio cha Kaskazini.

Hata hivyo umbali nao una kazi yake. Zile kilomita milioni 5 za tofauti zinatosha kuufanya mwanga unaoifikia Dunia mwanzoni mwa Januari uzidi ule wa Julai kwa karibu asilimia 7. Mwinamo hupanga majira, na umbali huyaongezea makali au kuyapunguzia. Vyote viwili hubadilika kadiri maelfu ya miaka yanavyopita, na hubadilika kwa njia tatu.

Ya kwanza ni umbo la njia yenyewe, yaani obiti. Johannes Kepler alionyesha mwaka 1609 kwamba sayari hazipiti kwenye duara kamili. Njia zao ni za duaradufu. Njia ya Dunia nayo haikai na umbo moja. Mvuto wa sayari nyingine, hasa Mshtarii, Zohali na Zuhura, huirefusha kidogo kisha huirudisha karibu na duara, kwa mizunguko ya takriban miaka 100,000 na mwingine mrefu zaidi wa miaka 405,000. Siku hizi iko karibu na duara. Kuna nyakati ilipokuwa ndefu kiasi kwamba tofauti ya mwanga kati ya mwezi wa karibu na mwezi wa mbali ilipita asilimia 20.

Ya pili ni mwinamo. Hupanda na kushuka kati ya nyuzi 22.1 na 24.5, na safari ya kwenda na kurudi huchukua takriban miaka 41,000. Sasa hivi unapungua. Ndiyo maana Tropiki ya Kansa na Tropiki ya Kaprikoni, mistari inayoonyesha mwisho wa safari ya jua la utosi, husogea kuelekea ikweta kwa karibu mita 15 kila mwaka. Mwinamo ukiwa mkubwa, majira ya joto ya nchi za mbali na ikweta huwa makali na majira ya baridi nayo huwa makali. Ukipungua, vyote viwili hulegea.

Ya tatu ndiyo yenye uzito mkubwa kwetu. Mtoto akiizungusha pia, utaona kichwa chake kinachora duara polepole huku pia yenyewe ikiendelea kuzunguka kwa kasi. Mhimili wa Dunia hufanya vivyo hivyo. Dunia imetuna kidogo kwenye ikweta, na mvuto wa Jua na Mwezi juu ya mtuno huo huufanya mhimili uchore duara moja angani kwa karibu miaka 26,000. Mnajimu Mgiriki Hipparchus alilitambua hilo zaidi ya miaka 2,100 iliyopita, alipolinganisha mahali pa nyota alizopima yeye na vipimo vya waliomtangulia. Kwa kuwa duaradufu ya obiti nayo hugeuka taratibu, majira huchukua kati ya miaka 19,000 na 23,000 kurudi mahali palepale kwenye njia ya Dunia.

Maana yake ni kwamba Januari haikuwa mwezi wa kulikaribia Jua siku zote. Takriban miaka 11,000 iliyopita mambo yalikuwa kinyume: Dunia ilikuwa karibu na Jua mwezi Juni, Kizio cha Kaskazini kilipokuwa kinaelekea Jua. Majira ya joto ya kaskazini yalipata mwanga mkali kuliko wa leo, na ya kusini yakapata hafifu.

Msomaji ashike jambo moja hapa, maana mengine yote yanalitegemea. Mabadiliko haya matatu hayaongezi wala kupunguza kwa kiasi cha maana jumla ya mwanga ambao Dunia nzima hupokea kwa mwaka. Tofauti ya jumla hiyo haifiki hata asilimia 1. Kinachobadilika ni mgawanyo: ni nchi gani inapata, na katika mwezi gani.

Bawabu wa Glasgow na mfungwa wa Osijek

Wazo kwamba kulikuwa na enzi ya barafu lilitangazwa na Louis Agassiz huko Uswisi mwaka 1837. Miaka mitano baadaye Mfaransa Joseph Adhémar alisema chanzo chake kiko angani, ila hesabu zake hazikutosha. Aliyelichukua wazo hilo kwa uzito alikuwa Mskoti James Croll, mtu aliyezaliwa mwaka 1821 katika familia isiyo na uwezo na kuacha shule mapema. Croll alipata kuwa seremala, akauza chai, akaendesha nyumba ya wageni, akauza bima. Mwaka 1859 alipata kazi ya ubawabu katika jumba la makumbusho la chuo kimoja cha Glasgow. Mshahara ulikuwa mdogo, lakini jengo lilikuwa na maktaba nzuri, naye alikuwa na jioni zake. Mwaka 1864 makala yake kuhusu obiti na tabianchi ilichapishwa, na wanasayansi wa Uingereza walishangaa kujua mwandishi alikuwa nani.

Croll aliona jambo ambalo wengine hawakuliona. Alijua kwamba badiliko la mwanga ni dogo, hivyo lazima Dunia yenyewe ilikuze. Theluji nyeupe hurudisha mwanga wa jua angani; ikienea, nchi hupoa; nchi ikipoa, theluji huenea zaidi. Hapo alikuwa sahihi. Alipokosea ni katika kudhani kwamba kinacholeta barafu ni ukali wa majira ya baridi. Hesabu yake ilitoa tarehe zisizolingana na ushahidi wa ardhini, na baada ya kifo chake mwaka 1890 nadharia hiyo ikawekwa kando.

Aliyeifufua ni Milutin Milanković, mhandisi Mserbia aliyezaliwa mwaka 1879 huko Dalj, kijiji kilichokuwa wakati huo ndani ya dola ya Austria na Hungaria. Alisomea uhandisi Vienna, akajipatia sifa kwa ujenzi wa zege, kisha mwaka 1909 akaacha yote hayo kwenda kufundisha hisabati Chuo Kikuu cha Belgrade. Alitaka kufanya hesabu ambayo hakuna aliyekuwa ameikamilisha: mwanga wa jua unaofika kila latitudo, katika kila majira, kwa mamia ya maelfu ya miaka iliyopita.

Vita ya Kwanza ya Dunia ilipoanza mwaka 1914, Milanković alikuwa Dalj na mkewe, wametoka kuoana. Kwa kuwa alikuwa raia wa nchi adui alikamatwa na kufungiwa katika ngome ya Osijek. Alikuwa na karatasi zake ndani ya mkoba, na usiku wa kwanza humo gerezani akaendelea na hesabu. Baadaye aliruhusiwa kukaa Budapest chini ya uangalizi, akaitumia miaka iliyobaki ya vita katika maktaba ya Akademia ya Sayansi ya Hungaria.

Kitabu chake cha mwaka 1920 kilimfikia Wladimir Köppen, mtaalamu mashuhuri wa tabianchi aliyekuwa Ujerumani. Köppen alimpa ushauri uliogeuza kazi yote: asitazame majira ya baridi, atazame majira ya joto. Huko kaskazini ya mbali theluji huanguka kila mwaka hata iweje. Swali ni kama jua la Juni na Julai litaweza kuiyeyusha yote kabla ya theluji mpya kuanguka. Likishindwa, hata kwa kiasi kidogo, bakaa inabaki. Mwaka unaofuata inaongezeka. Baada ya maelfu ya miaka bakaa hiyo ni mlima wa barafu. Milanković akakokotoa kwa mkono mwanga wa majira ya joto kwenye latitudo ya nyuzi 65 kaskazini kwa miaka 600,000. Mwaka 1941 kazi yake kuu ilikuwa mitamboni Belgrade wakati ndege za Ujerumani zilipoupiga mji mwezi Aprili. Kiwanda cha uchapaji kiliharibiwa, lakini karatasi nyingi zilizokwisha kuchapwa ziliokolewa.

Alifariki mwaka 1958, wakati wanajiolojia wengi walikuwa bado hawamwamini.

Sakafu ya Bahari ya Hindi

Uthibitisho ulitoka kwenye tope. Katika bahari kuna viumbe wadogo kama punje ya mchanga, foraminifera, wanaojijengea magamba ya chokaa. Wakifa huzama, na magamba yao hujipanga sakafuni tabaka kwa tabaka. Oksijeni iliyomo katika magamba hayo ni ya aina mbili, nyepesi na nzito. Maji yenye oksijeni nyepesi huwa mvuke kwa urahisi zaidi, na mvuke ukigeuka theluji ikawa barafu nchi kavu, bahari hubaki na nzito kwa wingi. Kwa hiyo gamba moja dogo hubeba kumbukumbu ya kiasi cha barafu kilichokuwako duniani siku kiumbe yule alipoishi.

James Hays, John Imbrie na Nicholas Shackleton walipima nguzo mbili ndefu za tope lililotolewa kusini mwa Bahari ya Hindi, kumbukumbu ya miaka 450,000. Mwaka 1976 walichapisha matokeo. Kiasi cha barafu na joto la bahari vilikuwa vimepanda na kushuka kwa mizunguko ya takriban miaka 100,000, miaka 42,000, na miaka 23,000 na 19,000. Ndiyo mizunguko ya obiti, ya mwinamo na ya mhimili.

Wanasayansi bado wanajadiliana kwa nini mzunguko wa miaka 100,000 umetawala katika miaka takriban milioni 1 ya mwisho, ilhali kabla ya hapo barafu ilifuata zaidi ule wa 41,000. Lakini namna badiliko dogo linavyokuzwa sasa inaeleweka vizuri. Sehemu moja ni ile aliyoiona Croll, weupe wa barafu. Sehemu nyingine ni hewa ya ukaa, na ushahidi wake umo ndani ya barafu ya Antaktika. Theluji inapogandamana huko hufunga viputo vya hewa, na hewa hiyo hubaki humo. Wachimbaji waliofika zaidi ya mita 3,000 chini mahali paitwapo Dome C walitoa kumbukumbu ya hewa ya miaka 800,000. Katika vipindi vya baridi kali hewa ya ukaa ilishuka hadi karibu sehemu 180 kwa milioni; katika vipindi vya joto ilikuwa karibu 280, na haikupita 300 hivi. Obiti huanzisha badiliko. Bahari na barafu hulipokea, hewa ya ukaa huongezeka au kupungua, na Dunia nzima hupata joto au baridi, hata zile nchi ambazo mwanga wake haukubadilika sana.

Sahara yenye viboko

Sasa tugeukie mvua. Mwaka 1981 John Kutzbach wa Chuo Kikuu cha Wisconsin aliiweka obiti ya miaka 9,000 iliyopita kwenye programu ya kompyuta ya kuigiza tabianchi. Mwanga wa Julai kwenye Kizio cha Kaskazini ulizidi wa leo kwa takriban asilimia 7. Matokeo yalionyesha pepo za monsuni zikipata nguvu na mvua ikiongezeka barani Afrika na Asia.

Sababu yake mvuvi yeyote wa pwani anaweza kuifuata. Nchi kavu hupata joto haraka kuliko bahari. Hewa ya juu yake hupanda, na hewa yenye unyevu kutoka baharini huvutwa kuja kujaza nafasi. Jua la kiangazi likiwa kali zaidi, mvuto huo nao huwa mkubwa zaidi, na mvua hupenya ndani zaidi. Nyasi na vichaka vilivyoota baada ya hapo viliipa ardhi rangi nzito inayonyonya joto, na vikarudisha unyevu hewani, mvua ikazidi.

Hivyo kati ya takriban miaka 14,500 na 5,500 iliyopita sehemu kubwa ya Sahara ilikuwa na nyasi, mito na maziwa. Ziwa Chad lilienea hadi kufikia takriban kilomita za mraba 350,000, karibu mara 5 ya Ziwa Victoria la leo. Michoro ya miambani ya Tassili n'Ajjer, Algeria, inaonyesha ng'ombe na wanyamapori mahali ambapo leo hapaoti kitu cha kumlisha hata mbuzi, na mifupa ya viboko na mamba imepatikana katikati ya jangwa. Mhimili ulipoendelea na duara lake, jua la Juni na Julai lilipungua nguvu mwaka hadi mwaka, na monsuni ikarudi kusini. Peter deMenocal na wenzake walipopima tope la bahari mbele ya pwani ya Mauritania, walikuta vumbi la jangwa linaongezeka ghafla kwenye tabaka za takriban miaka 5,500 iliyopita. Sahara ilikuwa imerudi.

Tope la Ziwa Challa

Nasi wa ikweta? Jibu bora liko chini ya ziwa dogo la volkano kwenye mteremko wa mashariki wa Kilimanjaro, mpakani mwa Tanzania na Kenya. Ziwa Challa lina eneo la kilomita za mraba 4 tu, lakini kina chake kinapita mita 90, na chini kabisa hakuna oksijeni. Hakuna minyoo ya kuvuruga tope, hivyo kila majira huacha alama yake bila kuchanganyika. Kusi inapovuma, kati ya Juni na Septemba, hukoroga maji na kuleta juu virutubisho. Viumbe wadogo wenye magamba ya silika, diatomu, huzaliana kwa wingi, na magamba yao yakizama huacha utepe mweupe. Miezi mingine huacha utepe mweusi. Mweupe na mweusi, mwaka mmoja.

Dirk Verschuren wa Chuo Kikuu cha Ghent na wenzake walichapisha mwaka 2009 historia ya mvua ya miaka 25,000 kutokana na tope hilo. Walikuta kwamba hapa petu mvua haikufuata mzunguko mzima wa miaka 23,000 kama Sahara. Ilifuata nusu yake, takriban miaka 11,500. Ukifikiri kidogo utaona kwa nini. Ikweta hupokea unyevu wa Bahari ya Hindi kutoka pande mbili, kwa kusi na kwa kaskazi. Jua la kaskazini likiwa kali, kusi hupata nguvu. Nusu ya mzunguko ikipita, jua la kusini ndilo kali, na kaskazi hupata nguvu. Kila zamu inaleta kipindi chake cha mvua nyingi. Katikati ya zamu hizo, wakati pepo zote mbili ni za kawaida na jua la Machi au Septemba ni hafifu, masika au vuli hudhoofika na nchi hukauka.

Mwaka 2016 wachimbaji walirudi Challa na kutoa zaidi ya mita 200 za tope, kumbukumbu inayokaribia miaka 250,000. Humo kuna tabianchi ya Afrika Mashariki ya karibu muda wote ambao binadamu wa aina yetu ameishi hapa.

Wafugaji wa Turkana

Watu waliishi vipi mabadiliko haya? Ziwa Turkana linatupa picha. Katika kipindi cha mvua nyingi lilisimama hadi takriban mita 80 hadi 100 juu ya usawa wa leo, likafurika na kutiririkia upande wa Mto Nile. Wavuvi wa kando yake walichonga chusa za mifupa zenye meno, na chusa hizo hupatikana leo zimelala juu ya changarawe kavu, mbali na maji.

Ziwa lilianza kurudi nyuma kwa kasi zaidi ya miaka 5,000 iliyopita. Ndipo walipofika watu wenye ng'ombe, mbuzi na kondoo, wafugaji wa kwanza wa Afrika Mashariki. Huko Lothagam, magharibi ya ziwa, walijenga kwa muda wa karne kadhaa jukwaa la mawe lenye kipenyo cha mita 30 na kusimamisha nguzo za mawe zilizoletwa kutoka umbali wa kilomita moja hivi. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2018 ulikadiria kwamba chini yake wamezikwa watu wasiopungua 580, wanaume, wanawake na watoto, karibu kila mmoja na mapambo yake. Mmoja alivikwa pambo la kichwa lililotengenezwa kwa mamia ya meno ya panya wa nyika. Hakuna dalili kwamba wachache walipewa heshima na wengi wakanyimwa.

Mimi naona katika jambo hilo fundisho zito. Nchi ilikuwa inabadilika chini ya miguu yao, malisho yanahama, ufuko unakimbia, na wao wakajenga mahali pa kukutana na kukumbukana wote. Lakini tusisahau walichokuwa nacho: muda. Vizazi kwa vizazi vilipita kabla ya ziwa kufika lilipofika, na nchi ya kuhamia ilikuwa wazi.

Na joto la leo?

Kuna hoja inayosikika mara kwa mara barazani na redioni: kwamba tabianchi imebadilika siku zote, hivyo joto la sasa ni zamu ya kawaida ya Dunia. Msomaji aliyefika hapa anaweza kuipima mwenyewe.

Kwanza, mwelekeo. Tangu takriban miaka 11,000 iliyopita jua la kiangazi la kaskazini limekuwa likipungua, na mwinamo nao unapungua. Kwa obiti peke yake Dunia ingekuwa inapoa taratibu sana. Kwa kuwa obiti iko karibu na duara, hata enzi ya barafu inayofuata iko mbali. Hesabu zilizochapishwa mwaka 2016 na Andrey Ganopolski na wenzake wa Potsdam zinaiweka miaka 50,000 mbele, na hewa ya ukaa tuliyoongeza inaweza kuisogeza mbali zaidi. Obiti haielezi joto hili, wala haitakuja kutupoza.

Pili, mwendo. Mwishoni mwa enzi ya barafu hewa ya ukaa ilipanda kutoka sehemu 180 hadi takriban 265 kwa milioni, na ilichukua maelfu ya miaka. Sisi, kwa kuchoma makaa ya mawe, mafuta na misitu, tumeipandisha kutoka 280 hadi zaidi ya 420 kwa muda wa karne mbili na ushee. Hakuna kiputo hata kimoja katika barafu ya miaka 800,000 chenye kiasi hicho.

Tatu, ukubwa. Tumeona badiliko la mgawanyo wa mwanga, lisilogusa jumla ya mwaka hata kwa asilimia 1, likikuzwa na barafu na hewa, likaishusha bahari kwa mita 120 na kuigeuza Sahara mara mbili. Wanaosema badiliko dogo haliwezi kuathiri Dunia wana historia nzima dhidi yao. Historia hiyo inatuonya kwamba tabianchi huitikia kwa nguvu inaposukumwa, na mkono unaoisukuma sasa ni wetu.

Kwa Afrika Mashariki hili ni suala la masika na vuli, la kina cha maziwa, la lini mkulima wa Taveta au Rombo apande mahindi. Tope la Challa linathibitisha kwamba mvua zetu zinategemea mizani nyeti ya pepo mbili na jua. Wazee wetu wa Turkana hawakuwa na njia ya kujua kwa nini ziwa linaondoka. Sisi tunajua, na kujua kunatudai. Kinachotudai ni kuacha kuongeza hewa ya ukaa, kulinda misitu inayoihifadhi, na kuwataka wanaoitoa kwa wingi zaidi walipe sehemu yao. Obiti hatuwezi kuigusa. Hewa tunaweza, na namna ilivyojaa hivyo, nani aliyeijaza na kwa faida ya nani, ndiyo habari ya sura inayofuata.